Katriji Iliyoanikwa na Ndimu

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Woolwich, London, tulijua kungoja. Tulingoja lifti iliyoharibika, tukangoja zamu ya kuruka kamba, tukangoja jua. Mdogo wangu leo, mchezo ukichelewa kufunguka kwenye simu, anagumia kama mwenye jino bovu. Mimi mchezo wangu wa kwanza niliungoja miezi miwili, Baba akiutengeneza kwenye meza ya kulia, moshi wa lehemu ukichanganyika na harufu ya samaki wa kukaanga.

Baba alikuwa na kompyuta ya zamani, ile ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni. Michezo yake ilikaa ndani ya katriji, kisanduku unachokisukuma mgongoni mwa mashine. Za dukani zilikwisha kuadimika, basi Baba akiunda zake: kipande cha bodi, chipu kuukuu, na kisanduku cha sabuni kuwa ganda. Chipu ile ilikuwa na kidirisha kidogo cha kioo.

"Ikipigwa na jua siku nyingi," aliniambia, "inasahau yote iliyoandikiwa."

Tukakifunika kidirisha kwa utepe mweusi.

Nilikuwa na miaka tisa, na darasani sikusema. Maneno yalifika kooni yakakaa hapo hapo. Marlon, aliyeketi nyuma yangu, alipenda kugonga kiti changu na kuuliza, "Yusra, betri zimekwisha?" Mwalimu alipotangaza kwamba baada ya likizo fupi kila mtoto ataleta kitu cha nyumbani na kukieleza mbele ya wenzake, nilirudi nyumbani nikalia. Baba naye hakuwa msemaji. Alifikiri sana, akasema, "Basi katriji itakusemea."

Tukatunga mistari minne. Kila nikibonyeza kitufe, mmoja ungetokea: jina langu, ghorofa tunayokaa, kwamba kompyuta hii ni kubwa kwangu kwa umri, na wa mwisho, "Baba yangu ameitengeneza katriji hii kwa mikono yake." Fundi mmoja wa Stratford akatuandikia kwenye chipu kwa kifaa chake, kisha akasafiri kwenda Mombasa. Ijumaa Baba akaipeleka kompyuta shuleni. Katriji ikabaki nyumbani, nami nikakatazwa kuigusa mpaka gundi ya ganda ikauke.

Wiki hiyo ya likizo London ikapata jua. Kwetu jua la London ni mgeni, haliachwi likapita bure. Mama alitoa mito, akatoa mablanketi, akapanga kwenye roshani sinia za ndimu zilizotiwa chumvi kwa ajili ya achari. Jumapili nikaenda kuichukua katriji juu ya kabati. Haikuwapo. Niliikuta roshani katikati ya ndimu, ganda wazi, imepanguswa ikang'aa, utepe umebanduliwa. Kidirisha kilikuwa kinalitazama jua uso kwa uso.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Gundi mbichi, na lile litepe linanasa vumbi. Nimekusaidia, mwanangu."

Baba akaja, akaigeuza mkononi. "Mama Yusra, umeianika."

"Mbona kila kitu nimekianika! Kwani hiyo ina nini?"

Baba akamweleza. Mama akashika mdomo, halafu akakifunika kidirisha kwa kiganja chake, kama mtu anayemziba mtoto macho.

"Imesahau?" nikauliza.

"Sijui," alisema Baba. "Mashine iko shuleni. Tutajua huko huko."

Jumatatu Baba alisimama kando ya ubao na koti lake la kazini. Aliisukuma katriji, akawasha. Skrini ya televisheni ya darasani ikabaki nyeusi.

"Betri," Marlon akanong'ona, na wawili watatu wakacheka.

Jina langu likatokea. Nikabonyeza, ghorofa yetu ikatokea. Nikabonyeza tena, mstari wa tatu ukaja umepungukiwa na herufi mbili. Kidole kilitetemeka. Nikabonyeza mara ya nne, na skrini ikajaa vijisanduku na alama zisizosomeka.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mstari aliujua, lakini ulikuwa unamhusu yeye, na Baba hakuwa mtu wa kujisifu. Kama mimi nisingeusema, usingesemwa.

"Baba yangu," nikasema, "ameitengeneza hii kwa mikono yake."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Kumbe zimo!" Marlon akapiga kelele, na safari hii nilicheka na mimi.

Siku hizi mdogo wangu anajirekodi akizungumza na dunia nzima, wala hatetemeki kidole. Namfurahia, na pengine namwonea wivu. Ila sijui kama kuna neno lililowahi kumgharimu kama lile. Katriji ninayo bado, nimeifunika utepe mara tatu, na sithubutu kuiwasha. Baba amestaafu, kompyuta iko chini ya kitanda. Na jua la London likitokea, Mama hutoa sinia zake za ndimu, lakini kwanza husimama mlangoni mwa chumba changu na kuuliza, "Yusra, hakuna chako kisichopenda jua?"