Ukungu wa Kabati la Tatu

Katika chumba cha mimea mikavu pale chuoni, hakuna aliyemzidi Kabati, mtunzaji wake, kwa maringo. Jina walimpa wanafunzi, maana miaka thelathini alizunguka makabati yake tisa kama jogoo na matetea. Shule aliiacha njiani, lakini mgeni akiingia tu, somo: "Viumbe ni himaya mbili, ndugu yangu. Kinachotembea ni mnyama, kilichotulia ni mmea. Mengine mbwembwe za wasomi."

Kabati la tatu lilikuwa na majani aliyoyachuma na kuyakausha marehemu mkewe, karatasi mia nne, kila moja na mwandiko wa mkono wa mke huyo. Picha yake hakuwa nayo hata moja. Mwandiko ule ndio uliobaki.

Mvua zilipokatika, akaona doa jeupe kwenye karatasi, laini kama manyoya ya kifaranga. Akacheka. Mmea gani huu usio na adabu, unaota juu ya wenzake? Na mmea dawa yake giza. Akafunga madirisha, akashusha mapazia, akaziba hata tundu la ufunguo kwa gazeti. Wiki sita hakuingia mtu.

Mpwa wake, mwalimu wa baiolojia hapohapo, akamkuta analinda mlango.

"Mjomba, mbona umekaa hapo kama kuku anayeatamia?"

"Kuna mmea mweupe nauua kwa njaa ya jua. Wewe baki na vitabu vyako."

Mpwa hakucheka. "Mweupe, wa manyoya? Huo ni ukungu, mjomba. Kuvu si mmea wala si mnyama, ana himaya yake. Jua halihitaji. Anakula kile alichokalia, na giza lenye unyevu ndiyo karamu yake."

"Himaya yake tangu lini?"

"Tangu kabla yako na yangu. Fungua."

Harufu ya udongo mbichi iliwatangulia. Milango ya kabati la tatu iligoma, kama imeshikwa kwa ndani. Mjomba alipoivuta kwa nguvu, karatasi zikaanguka zimegandamana, nyeupe tupu, na vumbi la kijani likapaa.

"Toka, mjomba. Usiivute hiyo hewa, vumbi hilo ndilo mbegu yake."

Lakini alikwishapiga magoti, uso karibu, anapuliza na kupuliza, akitafuta japo herufi moja. Hakuipata.

Wiki iliyofuata kikohozi kikamshika. Daktari akamuuliza kazi anayofanya. Kabati aliweka mkono kifuani, akifikiria mle ndani kulivyo na giza, na unyevu.