Scooter yangu halali kazini, haramu nyumbani: jimbo na jiji wamenivuruga

Wakuu, heshima mbele. Hili limenikuta mwenyewe hapa Toronto na sijalitia chumvi, maana lilivyo tu linatosha.

Nakaa Dixon, kwenye yale maghorofa ya karibu na airport. Kazi yangu iko ghalani Mississauga, mji wa jirani.

Jumapili basi la kwanza linapita shift imeshaanza. Nilichelewa mpaka supervisor akaniambia nikiendelea hivi nibaki nyumbani moja kwa moja.

Huyu supervisor ni mama Mgoa, mzaliwa wa Mombasa. Mkali, ila ana huruma zake. Akanivuta pembeni:

"Si ununue scooter ya umeme, hizi za kupanda umesimama? Jimbo letu la Ontario lilisharuhusu. Wenzako wote wanapanda."

Nikachungulia nje, kweli zimejipanga. Nikanunua.

Hapa mnielewe. Sisi tuliokulia Bongo tunajua sheria ya barabarani ni moja, Dar mpaka Kigoma. Trafiki wa Tabora hana kitabu chake. Nikisikia serikali ya jimbo imeruhusu, nimuulize nani tena?

Jumapili ya kwanza naserereka zangu, raha tupu. Sijafika hata mpakani mwa Mississauga, polisi akanisimamisha. Kijana mpole tu. Nikamsalimia, nikaanza na samahani kama tulivyozoea, ingawa kosa silijui.

"Not allowed in Toronto, sir."

Nikamwambia jimbo limeruhusu. Akakubali, ndiyo, limeruhusu. Sasa kosa liko wapi?

Akasema jimbo limeruhusu kila mji ujiamulie. Mississauga wakasema sawa, Toronto wakakataa. Nikamuuliza, kwa hiyo nikifika pale mbele ni halali?

"Yes. Over there you're fine."

Akaninyooshea kidole, barabara ile ile.

Wakuu, kichwa kiligoma. Scooter ile ile, lami ile ile, mimi yule yule.

Akaniachia kwa onyo. Nikafika kazini nimechelewa, najua kibarua kimeota nyasi. Nikamweleza mama kila kitu. Akashtuka:

"Kumbe wakaa Toronto? Mimi nikidhani wakaa huku na sisi." Akashika kichwa. "Haya, ya leo ni yangu. Ukichelewa tena sina la kukutetea."

Jumapili iliyofuata nikatoka mapema sana, naisukuma scooter kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Wife yuko dirishani anacheka. Nikafika kwenye kibao cha jina la mji, nikavuka, nikapanda. Nikawahi, mama akanipungia mkono.

Kurudi hivyo hivyo. Nikikiona kibao, nashuka.

Nilichojifunza: za kuambiwa changanya na zako. Jimbo likisema ndiyo, uliza na jiji lako limesemaje, na usimuulize anayekaa mji mwingine.

Ila wanasheria humu, naomba mnieleweshe. Hawa wakubwa wanashindwa nini kukaa meza moja wakatoka na jibu moja? Na waliopo Ontario, nyie mnafanyaje?

Nauliza kwa sababu Jumapili iliyopita yule polisi alinipita nikisukuma. Akapunguza mwendo, akaitazama scooter, akakitazama kibao, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nadhani na yeye haelewi. Mimi naendelea kusukuma.