Misumari ya Gati la Mtongwe

Nilianza kumwonea wivu kwa sababu ya shati lake. Mengine yalifuata baadaye.

Sote wawili tulikuwa wapima maji katika meli ndogo iliyokuwa ikifunga gati Mtongwe baada ya vita vya pili vya dunia kwisha. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kina cha maji kutoka mlango wa Likoni hadi ndani upande wa Changamwe, ili meli kubwa zisije zikakwama. Mpima maji husimama ubavuni mwa meli juu ya kibao, mkanda umemshika kiunoni, akarusha bildi mbele. Bildi ni pande la madini ya risasi, ratili kumi hivi, lililofungwa kwenye kamba yenye alama za ngozi na vitambaa kila pima moja, yaani futi sita. Ikigusa chini, unasoma alama iliyo sawa na uso wa maji, unaita kwa sauti, na karani anaandika. Chini ya bildi pana kishimo unachopaka shahamu, ili ipande na mchanga au tope ujue huko chini kuna nini. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka tisa. Jioni nilirudi nyumbani Shika Adabu nimelowa chepechepe, nanuka mafuta ya ng'ombe, na mke wangu alinipokea kwa ndoo ya maji mlangoni kabla ya kunipokea kwa maneno.

Mwenzangu alitoka bara, mdogo wangu kwa miaka kumi. Kurusha bildi nilimfundisha mimi, na fundo la kuifungia nilimfundisha mimi. Aliniita kaka, nami nilimpenda, sisemi uongo. Jumapili baada ya kanisa alikula kwetu. Kisha ikaja mashine.

Ilifungwa katika chumba kidogo nyuma ya usukani. Ilipeleka sauti chini, sauti ikagonga sakafu ya bahari ikarudi, na kwa muda ule wa kwenda na kurudi mashine ikajua kina. Ni kama mtu anayebisha hodi, akajua ukubwa wa nyumba kwa jinsi anavyochelewa kuitikiwa. Kalamu ya chuma ilichora alama za kahawia kwenye karatasi yenye unyevu iliyonuka dawa ya vidonda, na mstari ule ulipanda na kushuka kama sakafu yenyewe ilivyopanda na kushuka. Akatakiwa mtu mmoja wa kukaa nayo. Afisa wa meli alimchagua yeye, kwa kuwa alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mimi niliishia la tatu.

Akapewa kiti. Miaka tisa ile sikuwahi kumwona mpima maji ameketi kazini. Alishuka jioni shati lake kavu, limenyooka, penseli sikioni, na mimi nyuma yake nachuruzika. Jumapili moja mke wangu, akimpakulia wali, alisema kumbe kazi ya bahari yaweza kufanywa na mtu akabaki nadhifu. Nikamtazama anavyomwongeza kipande cha pili cha samaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa nakonda.

Bildi hata hivyo haikutupwa. Kila asubuhi afisa aliisimamisha meli mahali pamoja, mimi nikarusha kamba na mwenzangu akasoma karatasi, na tukipatana ndipo kazi ikaanza. Tukihitilafiana, iliyoaminiwa ilikuwa kamba. Na kamba nayo ilikuwa na wa kuipima: misumari ya shaba iliyopigiliwa kwenye mbao za gati, mmoja kila pima. Kamba ililala ndani ya maji, maana kamba kavu na kamba mbichi hazina urefu mmoja, na asubuhi kabla ya kuondoka watu wawili waliinyosha juu ya misumari. Mmoja alishika bildi kwenye msumari wa kwanza, mwingine alitembea akikagua alama. Zamani aliyenishikia bildi alikuwa yeye. Alipopata kiti, ikabidi nimwombe baharia yeyote.

Siku moja jioni niliona kamba imelika karibu na bildi, pale inaposuguana na matumbawe. Nikakata sehemu ile, futi mbili kamili, nikaifunga bildi upya. Asubuhi yake nilifika gatini nikawakuta afisa na mwenzangu ndani ya chumba cha mashine, wanakunywa chai na kucheka. Mimi afisa hakuwahi kunipa hata maji. Nikapanda melini, nikaenda chini ya dirisha lao, nikajifanya nakunja turubai, nisikie wanamcheka nani. Meli iliondoka nikiwa pale pale. Kamba sikuipima.

Tulipofika mahali petu nilirusha, nikaita pima saba. Sauti ya mwenzangu kutoka chumbani ikasema pima sita na futi nne. Tukarudia, ikawa vile vile. Bildi ilikuwa bado inadondoka maji mkononi mwangu nilipozikumbuka zile futi mbili nilizokata, ambazo kamba sasa ilizihesabu kama maji.

Afisa alitoka akaniuliza kama niliipima kamba asubuhi.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa, wala siifichi. Mwenzangu alieleza kwamba aliukagua mwendo wa mashine kwa saa, mara tatu, na kila mara ulikuwa sawa. Afisa akaamini kamba. Kazi ya siku ile ikavunjwa, mashine ikafunguliwa, ikasafishwa, haikuonekana kitu, ikafungwa kama ilivyokuwa. Basi kosa likawa la mtu. Tukaambiwa kesho tubadilishane.

Jioni ile nilimwambia mke wangu nimepewa kiti, anipigie shati pasi. Alipouliza mwenzangu ataenda wapi, nikamjibu kwamba bahari ni pana.

Asubuhi nilimkuta gatini na ndoo ya kamba. Hakununa. Aliniomba nimshikie bildi, kama yeye alivyokuwa akinishikia. Nikapiga magoti na shati langu la pasi, nikaiweka bildi kwenye msumari wa kwanza. Akatembea na kamba mkononi. Alama ya kwanza haikufika kwenye msumari wake. Ilipungua futi mbili. Ya pili vile vile, na ya tatu. Akarudi taratibu, akachutama mbele yangu, akaligeuza lile fundo jipya kwa kidole.

"Kaka, jana uliipima?"

"Niliipima."

Alikata kipande cha kamba, akaunga futi mbili juu ya bildi, akaniashiria nishike ivutike, akakagua alama zote hadi mwisho. Afisa akapita, akauliza tunachelewa nini. Neno moja tu lingemrudisha kwenye kiti chake.

"Natengeneza kamba, bwana," akasema.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamepwa kidogo; aliita pima sita na futi tatu, na karatasi yangu ikaonyesha pima sita na futi tatu. Afisa akanipiga bega, akasema sasa tumepata mtu wa mashine. Siku nzima nilikaa kitini nikisikia sauti yake nje ikiita, na kila alichoita kilikuwa kweli.

Jumapili hakuja. Mke wangu alimpakulia sahani yake kama kawaida, akaifunika kawa, akaiweka mbele yangu mpaka wali ukapoa. Akauliza mwenzangu amekuwaje hata asije kula. Nikasema sijui. Kiti kilikuwa changu, shati langu lilikuwa kavu, na bado nilikuwa namwonea wivu yule mtu, kwa kuwa yeye angeweza kumjibu mke wangu bila kusema uongo.