Namba Yangu Mahali pa Namba Yao

Baada ya kustaafu nilijitolea kuingiza majina kwenye kompyuta ya zahanati moja karibu na Makere. Nilikuwa na kidato cha nne, na majivuno yake. Programu aliiandika binti yangu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake Kasulu mjini. Ilitunza orodha ya wagonjwa wa macho, na daktari bingwa akija Kibondo iliwatumia ujumbe wa simu.

"Baba, asiye na simu, pale pa namba paache wazi," aliniambia. "Usibuni kitu. Kabla ya kutuma, programu inauliza kwanza kama namba ipo. Isipoikuta, haikwami wala haijifanyi imetuma. Jina linakwenda kwa mhudumu wa afya, naye anamfuata mtu nyumbani kwake."

"Ripoti itoke na matobo? Watasema mzee hajui kazi."

"Baba nawe! Unakagua kama mama mkwe."

Alipoondoka nilipitia orodha. Watu saba hawakuwa na simu, mmoja wao dada yangu mkubwa wa Kitanga, mwenye presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshakufa. La pili lilisubiri upasuaji. Wote saba niliwajazia namba yangu, nikajiambia nitawafikishia habari mwenyewe. Ukweli ni kwamba sikutaka nafasi tupu kwenye ripoti niliyoiandaa mimi.

Ujumbe uliingia nikiwa napalilia maharage: fika Kibondo Jumatano kwa daktari wa macho. Ukaingia tena, na tena, mara saba. Haukutaja jina, maana kila mmoja ulidhaniwa umemfikia mwenyewe.

"Mtandao umechanganyikiwa," nilimwambia mke wangu. Nikafuta sita, nikampasha habari jirani mmoja mgonjwa wa macho, asiye na simu, nikarudi kwenye jembe. Dada hakunijia akilini hata kidogo. Kwenye kompyuta wote walikuwa wameshaarifiwa, na mhudumu hakupewa hata jina moja la kufuata.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kitanga. Dada alikuwa anapapasa ukuta akitafuta kigoda.

"Daktari hajaja tu?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ujumbe uliingia mara saba. Nikamjibu, "Bado."

Daktari aliporudi Kibondo, nilimpeleka. Alimpima, akasema mshipa wa jicho umekufa, hakuna cha kupasua tena. Tukiwa bado kwenye benchi pale nje nilimweleza dada yote, pamoja na ile "bado" yangu.

"Nimewalaani watu wa zahanati miezi yote hii," akasema. "Kumbe ni wewe, tumbo moja."

Nilipomweleza, binti yangu alizifuta namba zangu zote bila kunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Mhudumu aliwafuata wale watano waliobaki wiki ileile, kwa miguu.

Nikienda Kitanga siku hizi, dada hupokea sukari ninayompelekea na hunijibu salamu. Akitaka kutoka uani humwita jirani aje amshike mkono, na mimi nimekaa palepale.