Udongo Niliouchota Chaani kwa Ajili ya Askari Wadogo wa Bakari

Nimeambiwa Bakari amezikwa Likoni juzi, na mpaka sasa naitazama simu kana kwamba atapiga. Mnisamehe makosa ya kuandika, shule niliachia darasa la nne.

Wengi wenu mlimjua kama fundi wa kuandika vibao vya maduka. Mimi nilimjua bandarini Kipevu, Mombasa, miaka ya mwisho ya mkoloni, tukining'inia kwa kamba kukwangua kutu ubavuni mwa meli. Mimi wa Bungoma, yeye mwenyeji wa Chaani.

Yeye ndiye aliyenitafutia chumba, kwa mama yake mdogo Bi Rehema, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Jumamosi za half day alinipeleka Likoni kwa Mzungu mmoja, nahodha mstaafu. Alikuwa na meza kubwa ya mchanga, na juu yake mamia ya askari wa kuchezea wa madini ya risasi, urefu wa kidole. Yeye na wenzake, watu wazima wenye mvi, waliigiza nao vita vya zamani, wakipima kwa rula nani amemfikia nani. Bakari aliniambia nikitaka kucheka nicheke nikifika nyumbani.

Kazi yetu ilikuwa kuwapaka rangi. Bakari alinifundisha kivuli. Rangi nyeusi unaizimua kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, unampaka askari mzima. Inajikusanya yenyewe kwenye mikunjo ya koti na chini ya kofia. Kisha unafuta palipoinuka, na kipande cha risasi kinakuwa mtu.

Halafu brashi kavu. Unaifuta kwenye gunia mpaka udhani haina kitu, ndipo unapitisha kwenye kingo tu. Nikikandamiza, ananiambia, "Mguse kama unamwamsha mgonjwa."

Mzungu alitaka askari waonekane wametembea mbali na wamechoka. Bunduki tulizipaka kutu halisi ya melini, tumeitwanga. Viatu tulivipaka gundi, tukanyunyiza udongo uliochekechwa kwa kitambaa.

Miezi michache kabla ya Uhuru, Mzungu akaanza kufungasha kurudi kwao. Alitaka askari wote wawe tayari kabla ya meli yake, basi tukawa tunabeba kazi nyumbani. Udongo ukatuishia. Bakari akaniambia nitafute mwingine, mradi uwe laini.

Niliuona nyuma ya ua wa michongoma, tuta jipya, halina hata kokoto. Nikajaza kopo.

Kwetu mtu huzikwa penye boma lake mwenyewe. Sikujua kwamba watu wanaweza kuwa na kiwanja kizima cha makaburi, na hapakuwa na msalaba wa kunionya.

Lilikuwa kaburi la mume wa Bi Rehema. Alikuwa amezikwa siku chache tu nyuma, mimi nikiwa shifti, kwa hiyo sikujua alikolazwa.

Kesho yake nilitoka kazini mchana nikakuta watu wamejaa uani. Bi Rehema alikuwa ameingia chumbani kwangu kufagia. Akakuta vijitu thelathini dirishani, vyeupe kwa rangi ya kwanza kama vimevikwa sanda, vingine miguu ina udongo, na kopo pembeni. Jirani naye alikuwa ameona mtu wa ovaroli ya bandari akiinama kaburini. Uso hakuuona.

Mmoja alikuwa ameshika mchi. Mwingine akaniuliza ni nani kanituma nimmalize mama wa watu kwa uchawi baada ya mumewe. Nilijikojolea, naandika ukweli.

Bakari akaingia, naye amevaa ovaroli kama yangu. Hakubishana. Alikaa chini, akachukua askari mmoja mweupe, akampaka mbele yao, hatua kwa hatua, huku akieleza habari za yule Mzungu na meza yake. Taratibu watu wakaanza kusogea kutazama. Mzee mmoja akasema, "Na hawa ndio waliotutawala?" Wakacheka. Mchi ukawekwa chini.

Bi Rehema hakucheka. "Na udongo wa mume wangu kauchota nani?"

Bakari alinitazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye anaogopa.

"Ni mimi, mama mdogo. Huyu wa bara hata njia ya makaburini haijui."

Ningetajwa mimi, nisingetoka uani mle kwa miguu yangu. Yeye alijua. Na mimi nilijua, nikanyamaza.

Bi Rehema hakupaza sauti. Alimwambia, "Toka kwangu. Na siku nikifa usinibebe."

Bakari alihamia Likoni. Mimi nilikaa nyumba ile miaka saba zaidi, na kila jioni Bi Rehema aliniwekea chakula. Kwanza niliogopa atanifukuza. Baadaye nikaogopa ataniuliza mbona nimekaa kimya siku zote hizo.

Alipofariki, Bakari alisimama ng'ambo ya barabara, jeneza likapita. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba.

Siku moja nilijaribu kulizungumza na Bakari. Akanikatiza, "Wafula, shika brashi, rangi inakauka." Hatukurudia tena.

Jana binti yake Mwanaisha alinipigia. "Ami, hitma ya kumwombea Baba ni Ijumaa, na wewe ndiye uliyebaki wa enzi zao. Baba alifanya nini hata nyanya Rehema akamkataa?" Nikamwambia network mbaya, simsikii. Nikakata.

Mwanaisha, network ilikuwa nzuri. Baba yako hakufanya kitu. Udongo niliuchota mimi.

Nina miaka zaidi ya themanini na bado nawaogopa watu wa ua ule, ingawa wote wamekufa. Leo nawaogopa ninyi, watoto wake. Ijumaa nitakuja. Nitakaa nje ya mlango mpaka mniambie niingie au niende zangu.

Bakari, ndugu yangu, mzigo ule nimeupokea. Sasa lala, usiwe na wasiwasi na mimi.