Daktari wa Jicho Moja Lililofumbwa

"Jamani, hili hamtaliamini," mjomba wangu aliwaambia wagonjwa wenzake wodini, ila daktari akaingia kabla hajaendelea. Daktari huyo hupasha moto kipimo cha kusikilizia moyo kiganjani kabla hakijagusa kifua, humwinamisha mgonjwa mbele, kisha hufumba jicho moja na kusikiliza mfuko unaozunguka moyo, uliovimba. Ukikwaruza kama kiatu kipya, dawa imeshindwa. Vidonge vya aina tatu vimeshagonga mwamba. Zimebaki sindano, anazochomwa sasa, na zikishindwa mfuko utakatwa kwa kisu, kitu mjomba anachokiogopa kuliko mama mkwe. Leo daktari alisikiliza mara mbili, akafumbua jicho.

"Haukwaruzi tena. Kisu tumekiepuka."

Mjomba akawageukia wenzake. "Mmesikia? Sindano mia mbili, kila moja ndefu kama mkono, wala sikupepesa—"

"Kumi na mbili, mjomba," nikamkatiza. "Na zote ulifumba macho mawili."