Kitanda cha Mninga cha Mtoto wa Skolastika

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa najifunza useremala hapa Mpanda, mtaa wa Majengo, kwa mzee aliyeitwa Fundi Yakobo, mtu wa maneno machache na randa kali. Nilikuwa na njaa ya sifa. Nikatengeneza kitanda cha bwana harusi kwa mninga mbichi, ubao ambao bado ulikuwa unanuka msitu. Kiling'aa wiki mbili tu. Ya tatu kikajipinda, ubavu ukapasuka, na bwana harusi akakirudisha kwa mkokoteni huku watu wakimcheka njia nzima: "Bwana, mmekivunja mapema hivyo?"

Fundi Yakobo hakunipiga. Alishika kiganja changu akakiweka juu ya ule ufa. "Sikia, kijana. Mninga una maji ya msituni ndani yake. Upange kivulini, usubiri mpaka wenyewe ukubali. Haraka haraka haina baraka."

Neno lile lilinilisha miaka arobaini. Ndilo hilo hilo lililonimaliza.

Nilijaliwa binti mmoja, Skolastika. Mama yake alituacha Skola akiwa mdogo, basi akakulia kwenye vumbi la mbao, kwenye karakana yangu mtaa wa Shanwe. Alipokua akampenda Masanja, kijana wa Kisukuma, mfugaji wa Sitalike. Masanja hakuwa na kosa. Alikuja akainama, akanisalimu kwa adabu zote. Mimi nikaona ng'ombe tu. Nikasema mfugaji leo yupo kesho hayupo. Skola akasema, "Baba, mimi nimeshaamua." Nikasimama mlangoni, mlango nilioutengeneza kwa mikono hii, nikamwambia, "Ukitoka leo, mlango huu usiuguse tena."

Akatoka. Wala hakuubamiza. Aliurudisha polepole, kama nilivyomfundisha tangu utotoni, ili bawaba zisilegee. Siku ile ile nikafuta namba yake ya simu.

Mwaka ukapita. Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni akaniletea salamu. "Fundi, binti yako ni mjamzito. Anasema, mwambieni baba anitengenezee kitanda cha mtoto, kile cha kubembea."

Hakuomba kingine, mwanangu. Hakusema nimsamehe, wala hakusema kwamba amenisamehe. Aliniomba ubao, kwa sababu alijua ndiyo lugha ninayoiweza.

Karakanani kulikuwa na mbao za paini, kavu, za kutosha. Ningeanza asubuhi, kesho yake nikamaliza. Lakini nikajiuliza, mjukuu wangu alale kwenye paini? Nikatafuta mninga, ubao mpana, mwekundu, mbichi. Nikaupanga kivulini nikasubiri. Kila mwezi niliugonga kwa kidole, nikasikiliza, nikajiambia bado.

Muuza dagaa akapita tena. "Fundi, kazaliwa! Wa kike! Kitanda vipi?"

"Ubao haujakauka, mama."

"Ubao ndio haujakauka, au hasira yako?"

Nikacheka, nikarudi kwenye randa yangu. Kweli yenyewe ni kwamba ubao ulishakauka. Nilijua kwa mlio wake. Nilichoogopa ni uso wa Skola.

Mvua zilipokatika ndipo nikakitengeneza. Sikutia msumari hata mmoja. Nilikisugua kwa msasa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto, nikakifunga kwenye pikipiki yangu, nikashika barabara ya Sitalike nikiimba.

Mahali palipokuwa na boma la Masanja nilikuta miti ya zizi imeng'olewa, samadi imekauka, na mafiga matatu meusi. Jirani yao, Mama Devota, alikuwa uani anapura maharage.

"Mzee, unauza kitanda? Utakula hasara! Hapa kwetu watoto wanalala mgongoni!"

Nikamwambia mimi ni nani. Kicheko kikamwisha.

"Basi umechelewa, baba. Wamehama. Malisho yaliisha. Wengine wanasema wako Rukwa, wengine wanasema wamekwenda mpaka Lindi. Namba ya Masanja haipatikani." Akaweka fimbo yake chini. "Wenzao walitangulia. Skola ndiye aliyekataa kuondoka. Kila siku alikuwa anasema, tumngoje baba, baba ni fundi, hawezi kushindwa kitanda. Wakabaki wiki tatu peke yao, mpaka ng'ombe wakaanza kudhoofika."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Nyamizi."

Nyamizi ni jina la mama yangu mzazi. Nilikaa chini pale pale, kwenye maganda ya maharage.

Kitanda nilikirudisha. Kipo hapa karakanani. Nimeuliza minadani, nimeuliza wachungaji wa ng'ombe na madereva wa malori yao, hakuna anayejua. Mtoto sasa lazima anatembea, hawezi tena kuenea humo. Hakijapasuka hata mahali pamoja. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na haina wa kuitumia. Nikikigusa kwa bahati mbaya hubembea muda mrefu, kitupu, nami hulazimika kutoka nje.

Basi shika neno hili, mwanangu, maana sina urithi mwingine. Fundi Yakobo alisema kweli, ila alikuwa anasema habari za mbao. Wazee wale wale waliosema haraka haraka haina baraka ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilichagua methali iliyofaa woga wangu. Ukimkosea mtu, usitafute kwanza zawadi ya kulingana na kosa. Nenda na paini. Ukikosa paini, nenda na mikono mitupu, lakini nenda leo. Na ukiwa mzazi, usiseme neno la hasira mlangoni, kwa sababu anayetoka huondoka nalo, nawe huwezi kumkimbilia ulichukue.

Mimi siku hizi sifungi komeo. Najua hakuna anayekuja, lakini sifungi.

Mungu akupe miguu iliyo myepesi kuliko kiburi chako. Akupe watoto wanaorudi. Na mlango wako, mwanangu, usikose kamwe mkono wa kuusukuma.